Jinsi Onyo la Tornado Lilivyopatikana

Mwishoni mwa Mei 1879 dhoruba kali zilipita katikati ya Marekani, katika majimbo ya Kansas, Missouri, Nebraska na Iowa, na nyuma yake vikabaki vijiji vilivyofumuliwa. Wakati huo kazi ya kutabiri hali ya hewa nchini humo ilikuwa mikononi mwa jeshi, katika kikosi kilichoshughulikia mawasiliano na telegrafu. Kikosi hicho kikamtuma askari wake mmoja, John Park Finley, kijana wa miaka 25 kutoka Michigan, akaangalie kilichotokea. Finley alikwenda mahali hadi mahali akiwahoji walionusurika. Alichora njia iliyopitwa na kila tornado, akapima upana wake, akaandika miti iliangukia upande gani na mapaa yalitupwa wapi. Aliporudi alikuwa amepata kazi ya maisha yake.

Aliyezoea chamchela ya kiangazi, ile inayozungusha vumbi na majani makavu uwanjani kisha ikafa, huenda akadhani tornado ni ndugu yake mkubwa. Lakini chamchela huanzia chini, kwenye ardhi iliyopata joto, na tornado huanzia juu, ndani ya wingu la radi. Katika majira ya machipuko, hewa ya joto iliyobeba unyevu husogea kutoka Ghuba ya Meksiko na kukutana na hewa kavu itokayo magharibi. Juu yake huvuma upepo wenye kasi na mwelekeo tofauti na ule wa chini. Hewa ya joto inapopanda kwa nguvu katikati ya pepo hizo zinazopishana, huanza kuzunguka, na wingu huzunguka nayo. Mara chache mzunguko huo hubanwa, ukawa mwembamba na wa kasi, ukateremka hadi ardhini. Marekani hupata tornado zipatazo 1,200 kwa mwaka. Nyingi ni dhaifu. Zile kali husomba nyumba yote na kuacha msingi mtupu.

Finley hakuwa na rada wala puto la kupimia hewa ya juu. Alikuwa na ramani za hewa, telegrafu, na watu. Alikusanya habari za tornado 600 zilizowahi kurekodiwa, akazichapisha, kisha akaanza kuandikisha watu wa kujitolea wa kumwandikia kila walipoona dhoruba. Kufikia mwaka 1887 walikuwa zaidi ya 2,000. Kutokana na habari hizo akatambua ni mpangilio gani wa joto, unyevu na upepo uliotangulia tornado, na mwaka 1884, kati ya Machi na Mei, akajaribu kutabiri. Kila alipotazama ramani aliamua, eneo kwa eneo, kama hali ilifaa kuzaa tornado au la.

Alitoa tabiri 2,803. Mara 100 alisema tornado itakuja, na mara 28 kati ya hizo ikaja kweli. Mara 23 tornado ilitokea bila yeye kuitabiri. Zilizobaki zote alisema haitakuja, na haikuja. Finley akajumlisha na kutangaza kwamba amepatia kwa zaidi ya asilimia 96. Mwanajiolojia Grove Karl Gilbert akamjibu kwamba mtu ambaye angekaa tu na kusema kila siku "leo hakuna tornado" angepatia kwa zaidi ya asilimia 98. Hesabu ya Gilbert ilikuwa sahihi, na mpaka leo wanafunzi wa takwimu hufundishwa kwa mfano huo. Hata hivyo mimi nikizitazama namba hizo huona jambo jingine. Katika matukio 51 ya tornado, kijana yule aliyaona 28 kabla hayajatokea, kwa karatasi na waya wa telegrafu. Ni zaidi ya nusu. Familia iliyokuwa kwenye njia ya mojawapo haikuwa na haja ya asilimia 96. Ilihitaji kuambiwa siku hiyo moja.

Haikuambiwa. Wakubwa wa Finley hawakutaka utabiri wake utolewe kwa wananchi, na mwaka 1885 kazi hiyo ikasimamishwa. Kisha neno lenyewe likapigwa marufuku: mtabiri wa serikali hakuruhusiwa kuandika "tornado" katika taarifa yake. Mkuu wa kikosi, Jenerali Adolphus Greely, alieleza katika ripoti ya 1887 kwamba madhara ya kutabiri yangezidi yale ya tornado yenyewe. Aliamini kwamba watu wangeingiwa na hofu kubwa, wangeacha kazi na kukimbia ovyo, tena kwa tishio ambalo mara nyingi lingepita bila kugusa nyumba zao. Idara ya raia ilipoichukua kazi ya hali ya hewa mwaka 1891, iliurithi uamuzi huo pamoja na makabati na vipimajoto. Ulidumu hadi mwaka 1938.

Kwa zaidi ya nusu karne, basi, taarifa za hewa zilitaja mvua, radi na upepo mkali, na zikaishia hapo.

Tarehe 18 Machi 1925 taarifa ilitaja mvua na upepo. Mchana huo tornado ilishuka kusini mashariki mwa Missouri, ikavuka Mto Mississippi kuingia Illinois, ikavuka Illinois yote ya kusini, ikaingia Indiana. Ilikaa ardhini saa tatu na nusu na kusafiri takriban kilomita 350, kwa mwendo wa karibu kilomita 100 kwa saa. Walioiona walisema haikuwa na umbo la mkonga ambao watu wa huko waliuzoea. Ilikuwa wingu jeusi lililobingirika juu ya ardhi, limejaa vumbi na mbao, na wengi hawakutambua ni nini hadi lilipofika mlangoni. Katika mji wa Murphysboro peke yake walikufa watu 234. Huko De Soto watoto 33 walikufa shuleni. Jumla ya waliokufa katika majimbo hayo matatu ni 695, na hakuna tornado nyingine ya Marekani iliyowahi kuua watu wengi kiasi hicho.

Tornado hiyo ilibomoa mji wa Annapolis, Missouri, mnamo saa saba na robo mchana. Ilifika Princeton, Indiana, baada ya saa kumi. Kati ya miji hiyo miwili zilipita karibu saa tatu. Simu zilikuwapo. Telegrafu ilikuwapo, hata kama nguzo nyingi ziliangushwa njiani. Redio zilikuwa zimeanza kuingia majumbani. Kilichokosekana ni ofisi yenye wajibu wa kupiga simu na kusema: kuna kitu kibaya kinakuja kwenu kutoka kusini magharibi, watoeni watoto madarasani. Hapakuwa na ofisi hiyo kwa sababu iliamuliwa miaka 40 nyuma kwamba habari za namna hiyo ni hatari kwa umma.

Finley alifariki mwaka 1943. Miaka mitano baadaye jambo alilokatazwa likafanyika, nalo likafanyika jeshini, karibu na Oklahoma City, katika kambi ya jeshi la anga iitwayo Tinker.

Usiku wa tarehe 20 Machi 1948 aliyekuwa zamu katika ofisi ya hewa kambini alikuwa Kapteni Robert Miller, mtu wa California aliyekuwa na majuma machache tu Oklahoma. Alitabiri upepo wa kawaida. Kabla ya saa nne usiku, uwanja wa ndege wa jirani ukaripoti kwamba tornado inaelekea kambini. Ilipita katikati ya ndege zilizoegeshwa nje na kuzivuruga. Vioo vya mnara wa kuongozea ndege vikawapasukia waliokuwa ndani. Hasara ilikadiriwa kuwa dola milioni 10. Kesho yake wachunguzi wakakaa, na wakaona kwamba hilo lilikuwa jambo la Mungu, lisingeweza kutabiriwa.

Jenerali Fred Borum, mkuu wa kambi, hakuridhika na jibu hilo. Alimwagiza Miller na mkubwa wake, Meja Ernest Fawbush, watafute kama kweli haiwezekani. Wakafukua ramani za siku za nyuma ambazo tornado zilitokea, wakazilinganisha, wakaanza kuona zinavyofanana: unyevu umefika wapi, hewa kavu inasukuma kutoka wapi, upepo wa juu una kasi gani. Hawakuwa na habari mpya kabisa. Sehemu ya waliyoyaona Finley alikwisha kuyaandika. Asubuhi ya tarehe 25 Machi, siku tano tu baada ya kambi kupigwa, walipotandaza ramani ya siku hiyo mezani waliiona ikifanana na ile ya tarehe 20.

Walijua kwamba uwezekano wa mahali pamoja kupigwa mara mbili ndani ya juma moja ni mdogo mno. Wangekosea, wangechekwa na idara nzima. Jenerali akawauliza kama watatoa utabiri wa tornado. Wakamweleza kwamba hakuna ofisi inayofanya hivyo. Jenerali akawajibu kwamba basi wao watakuwa wa kwanza. Mnamo saa tisa kasoro dakika kumi alasiri utabiri ukaandikwa na kupelekwa. Kambi ikaanza kufunga mambo yake: ndege zikaingizwa katika mabanda, vitu vilivyo nje vikafungwa, watu wakaondolewa sehemu za hatari, hata waliokuwa juu ya mnara.

Jioni dhoruba ikafika kwenye uwanja wa jirani na kuonekana dhaifu, mvua ya mawe madogo na upepo kidogo. Miller akaenda nyumbani akiwa amekata tamaa. Mnamo saa kumi na mbili tornado ikashuka na kupita katika kambi. Safari hii hasara ilikuwa dola milioni 6, na hakuna aliyekufa. Miller alipata habari kwa redio, hakuamini, ikambidi arudi kambini akaone kwa macho yake.

Walioonywa siku ile ni wanajeshi. Raia wa Oklahoma waliokuwa ng'ambo ya ua wa kambi hawakuambiwa neno. Hali hiyo haikuweza kudumu, maana siri ya namna hiyo haifichiki. Watu wakaanza kuuliza kwa nini ndege za serikali zinaonywa na watoto wao hawaonywi. Mwaka 1950 mkuu wa idara ya raia, Francis Reichelderfer, aliwaandikia watumishi wake kwamba hawajakatazwa kutabiri tornado, ingawa alisisitiza watumie neno hilo kwa uangalifu. Mwaka 1952 idara ikatoa kwa mara ya kwanza tabiri za tornado kwa wananchi wote. Mwaka huohuo, katika kituo cha televisheni cha Oklahoma City, mtabiri Harry Volkman aliwasomea watazamaji utabiri wa jeshi ambao haukukusudiwa kwa ajili yao. Uongozi ulihofia taharuki. Watu waliandika barua za kushukuru.

Hofu ya jenerali wa 1887, iliyolala juu ya nchi nzima kwa zaidi ya nusu karne, haikuthibitika. Watu walipoambiwa, hawakukimbia ovyo. Waliingiza watoto ndani na kushuka chini ya nyumba.

Lakini kuambiwa si kufikiwa. Mwaka 1953 peke yake tornado tatu ziliua kila moja watu zaidi ya 90: Waco huko Texas, Flint huko Michigan, na Worcester huko Massachusetts. Usiku wa tarehe 25 Mei 1955 mji mdogo wa Udall, Kansas, ulipigwa saa nne na nusu, wakati wengi wamekwisha kulala. Walikufa watu wapatao 80 katika mji huo wa watu wapatao 600 na viunga vyake. Mwaka 1965, Jumapili ya Matawi, tornado ziliua watu 271 katika majimbo ya kaskazini. Taarifa zilitolewa mapema, ila ilionekana kwamba watu walichanganya taarifa inayosema hali inaweza kuzaa tornado na taarifa inayosema tornado imekwisha onekana. Tangu hapo zikatenganishwa kwa majina mawili. Ya kwanza, tuiite angalizo, huhusu eneo kubwa na saa kadhaa: endelea na kazi zako, weka simu au redio karibu, jua utajificha wapi. Ya pili ni onyo: jifiche sasa hivi.

Mwaka uliofuata, tarehe 8 Juni 1966, utaratibu huo ulijaribiwa huko Topeka, mji mkuu wa Kansas. Wenyeji walikuwa na imani kwamba kilima kimoja kusini magharibi mwa mji, Burnett's Mound, kinawakinga na tornado. Saa moja na robo usiku tornado ilipanda kilima hichohicho, ikashuka upande wa pili na kupasua mji kutoka pembe hadi pembe. Katika kituo cha televisheni alikuwapo Bill Kurtis, mwanafunzi wa sheria aliyeshika zamu ya mwenzake. Alipopata habari kwamba nyumba zinafagiliwa aliwatazama watu kupitia kamera na kuwaambia: kwa ajili ya Mungu, jificheni. Walikufa watu wapatao 16, idadi ndogo sana ukilinganisha na mamia ya nyumba zilizovunjwa. Ving'ora, redio na sauti ile vilifanya kazi.

Topeka ilifunza jambo lingine ambalo linastahili kukumbukwa. Tangu siku za Finley watu walifundishwa kujificha katika pembe ya kusini magharibi ya chumba cha chini, kwa kuwa tornado nyingi hutoka huko na ilidhaniwa vifusi vitatupwa upande wa pili. Joe Eagleman wa Chuo Kikuu cha Kansas alizunguka katika nyumba zilizobomoka na kukagua kila chumba cha chini. Akaona upande huo hauna usalama wowote wa ziada, pengine una hatari zaidi, kwa sababu ukuta wa nyumba mara nyingi uliangukia ndani kutokea hukohuko. Ushauri uliorudiwa kwa miaka 80 ulikuwa umekosewa.

Kuanzia miaka ya 1970 kazi ikahamia kwenye mashine. Mwaka 1973 wanasayansi wa Norman, Oklahoma, walielekeza rada ya aina mpya kwenye dhoruba iliyopiga Union City, rada yenye uwezo wa kuona mvua inasogea upande gani na kwa kasi gani, na wakauona mzunguko ndani ya wingu kabla haujafika ardhini. Katika miaka ya 1990 rada za namna hiyo zilisimikwa nchi nzima. Muda kati ya onyo na tornado, ambao zamani ulikuwa dakika chache au haukuwapo, ukafika wastani wa dakika 13 hivi.

Dakika 13 ni nyingi kwa anayejua la kufanya. Tarehe 3 Mei 1999 rada ya kubebwa na lori ilipima upepo wa zaidi ya kilomita 480 kwa saa katika tornado iliyopita Bridge Creek na Moore, Oklahoma. Madereva kadhaa waliacha magari wakapanda chini ya madaraja ya barabara kuu, kwa sababu mwaka 1991 televisheni zilionyesha mara nyingi picha za watu walionusurika chini ya daraja huko Kansas. Tornado ile ya 1991 ilikuwa dhaifu. Tornado za siku ile ya 1999 ziliwanyonya watu kutoka kwenye madaraja, na watatu wakafa. Chini ya daraja upepo hubanwa ukaongeza kasi, na vyuma na mbao hupita humo kama risasi.

Tarehe 22 Mei 2011 ikaja zamu ya Joplin, Missouri. Ving'ora vililia dakika 20 hivi kabla. Walikufa watu 158. Wachunguzi waliozungumza na walionusurika walikuta kwamba wengi hawakujificha waliposikia king'ora. Walitoka nje kutazama angani, wakawasha televisheni, wakampigia ndugu, kwa maana walikwisha sikia ving'ora mara nyingi bila kitu kutokea. Takriban maonyo matatu kati ya manne hayafuatiwi na tornado. Hapo swali la Gilbert limerudi, naye mtabiri wa leo analijua vizuri: akionya mara nyingi mno anapoteza masikio ya watu, akinyamaza anapoteza watu wenyewe. Kwangu mimi, historia yote hii inaelekeza upande mmoja wa mzani huo.

Usiku wa kuamkia tarehe 11 Desemba 2021 tornado kadhaa zilipita Kentucky. Mojawapo ilipiga Bowling Green baada ya saa saba usiku, watu wamelala, na zaidi ya watu 15 wakafa katika mji huo na viunga vyake, zikiwamo familia za wahamiaji. Bowling Green ni mji uliopokea wakimbizi kwa miaka mingi: Wabosnia, Waburma, Wakongo na Warundi. Wako humo watu wanaozungumza Kiswahili nyumbani, waliopitia kambi za Tanzania kabla ya kufika huko, na ambao utotoni hawakuwahi kusikia habari ya upepo wa namna hii. Onyo liliingia katika simu zao kwa mlio mkali na maandishi ya Kiingereza. Mmarekani aliyezaliwa hapo ameyajua maandishi hayo tangu shule ya msingi, ambako hufanyishwa mazoezi ya kuinama ukutani na kufunika kichwa. Kwa mgeni ni mlio tu.

Kwa hiyo naandika hapa kile ambacho mtoto wa Kansas hufundishwa. Simu ikilia kwa onyo la tornado, usitoke nje kutazama. Shuka katika chumba cha chini ya nyumba. Kama hakuna, ingia chumba cha ndani kabisa cha ghorofa ya chini kisicho na dirisha, mara nyingi choo, kabati la nguo au korido. Lala au chuchumaa, jifunike godoro au mablanketi, vaa viatu, na kama kuna helmeti ya pikipiki au baiskeli ivae, kwani wengi huuawa na kipigo cha kichwa. Usifungue madirisha, ile imani kwamba nyumba itapasuka yakifungwa ni ya zamani na si kweli. Usijifiche chini ya daraja. Usiku usizime simu. Na anayeishi katika zile nyumba zinazovutwa na lori na kuwekwa juu ya matofali bila msingi, ambamo hufa watu wengi kupita kiasi cha wanaoishi humo, asingoje onyo. Anatakiwa aondoke wakati wa angalizo, kungali na mwanga, kwenda kwenye jengo imara alilolichagua mapema, kwa sababu dakika 13 hazitoshi kuwaamsha watoto, kuwavisha, kuwapakia garini na kufika.